Vidole Vitatu vya Sponji

Dada yangu mpenzi,

Mwanao ametoka kula chaki sasa hivi. Nimegeuka tu kutafuta kalamu, nikamkuta amekaa chini ya meza ya cherehani, ametulia kwa adabu zote, anatafuna ile chaki ya bluu ninayochorea vitambaa. Nilipomwambia afungue mdomo akaufungua kwa fahari, meno yake sita yote ya bluu, ulimi wa bluu, kisha akaninyooshea kipande kilichobaki, kimelowa mate, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Nimemsuuza, amelia kidogo, na sasa ananing'inia gotini anataka na kalamu. Ukiona mahali mwandiko umeruka ukuta, ujue ni yeye, si mimi.

Nakusalimu sana, tena kwa mikono miwili. Umeamkaje, na goti limeamkaje? Huku baridi imeanza, na kila asubuhi nikikanyaga sakafu nakuwaza wewe unavyolichua kabla ya kushuka kitandani. Mama naye mgongo wake unasemaje? Dawa yake ya kuchua nimeipata, italetwa na mtu wa gari la mikate pamoja na barua hii. Lakini barua yenyewe usiisome mbele yake. Akiuliza nimeandika nini kirefu hivi, mwambie nimeuliza mambo ya kumwachisha mtoto ziwa. Sisi huku wazima wa mwili. Habari za moyo ndizo nataka kukueleza, na univumilie, maana shule niliiacha mapema na nikianza hadithi huwa naingilia dirishani badala ya mlangoni.

Wiki mbili zilizopita ulitaka kuja kutuona Jumamosi. Nikakupigia mbio mbio kukwambia mtoto ana upele, tena wa kuambukiza, usije. Ukanielekeza nimwogeshe kwa maji ya vuguvugu, na jioni ukapiga tena kuuliza anaendeleaje, nami nikakujibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuguza. Dada, mtoto hakuwa na upele hata mmoja. Sikutaka uingie nyumbani kwangu. Hilo ndilo ninaloliandikia barua. Simu isingefaa, kwa sababu ningeanza kulia, wewe ungenituliza kabla sijamaliza kusema, nami ningeipokea hiyo nafuu na kukata simu nusu ya maneno ikiwa bado tumboni.

Jambo lenyewe limeanzia kwenye pikipiki. Najua neno hilo halitamkwi kwetu tangu siku ile ulipopakiwa nyuma ya pikipiki ya watu ukarudishwa umebebwa, na goti la kushoto likagoma kukunjika mpaka leo. Mama hata tangazo lake redioni analizima. Ndiyo maana sikuwahi kukuambia kwamba ndani ya nyumba yangu kuna pikipiki inaundwa. Nilidhani nakuficha wewe.

Ni miezi mitatu sasa tangu shemeji yako aingie hapa jioni moja akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na fremu ya pikipiki, haina magurudumu, ina kutu mpaka puani, na injini imefungwa kwenye gunia kama kuku wa kuuza. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya mtu aliyechoka nayo. Nikamuuliza ya nini sasa. Akasema mikono inamuwasha, kutwa karakanani anachomelea mageti yanayofanana kama pacha, na yeye anataka kuunda kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nikacheka nikamwambia basi bora imuwashe hapa nyumbani nikiiona.

Unaikumbuka gereji yetu. Nyumba tulipewa pamoja na gereji ya gari, gari lenyewe hatuna wala hatuna dalili ya kuwa nalo, kwa hiyo tulikuwa tunaanikia nguo za mtoto humo wakati wa mvua. Akanihamishia kamba. Akaweka meza ya mbao, akapigilia misumari ukutani na kutundika spana kwa urefu, kubwa mpaka ndogo, na kila spana akaichorea kivuli chake kwa mkaa ili ikikosekana ionekane. Mwanzoni alikuwa ananiita niangalie. Alikuwa hakati bati kabla ya kukata boksi: anachukua boksi la sabuni, analichora, analikata kwa kisu, anajaribisha juu ya fremu, anapunguza hapa na pale, mpaka tangi zima la mafuta linasimama pale likiwa la karatasi ngumu lenye maandishi ya sabuni ubavuni. Nikamwambia kumbe tumeoana mafundi cherehani wawili. Alifurahi sana kwa neno hilo, akaenda kuwasimulia wenzake karakanani.

Sasa sikia yalivyogeuka. Siku moja nimempelekea chai humo, nikaona mkia wa fremu ameukata, ule wa nyuma ambao hubeba abiria. Nikamuuliza kiti cha nyuma kitakaa wapi. Akasema hakuna kiti cha nyuma. Nikamuuliza mimi na mtoto tutakaa wapi. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba hii si ya kupakia mtu. Akaendelea kupiga tupa, kwaruu, kwaruu, na mimi nimesimama na chai yake mkononi kama mhudumu wa hoteli.

Wiki ile ile akanunua kufuli. Akasema ni kwa sababu mtoto ameanza kutambaa na mle kuna vyuma vyenye ncha. Sababu nzuri, siwezi kuikataa. Lakini funguo zilikuwa mbili na zote mbili alikuwa anatembea nazo yeye.

Jirani yetu nilishakuhadithia, yule tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Aliisikia habari ya kiti kimoja kupitia ukutani, akaja na beseni lake la nguo akijifanya ameishiwa sabuni. Akaniambia yeye hataki kunitia maneno, na mtu akianza hivyo unajua maneno yanakuja. Akasema mume wake wa kwanza hakuaga mtu, alianza tu kwa kununua begi dogo, na kila akiulizwa begi la nini anasema la kuwekea vyeti. Sasa mwanamume mwenye mke na mtoto anaunda chombo cha mtu mmoja, akasema, hapo wewe jumlisha mwenyewe. Nikamjibu kwa ukali kwamba mume wangu si mume wake. Lakini alipoondoka nilihesabu mashati ya shemeji yako kabatini. Nilihesabu na soksi.

Dada, shaka ikishaingia ndani ya nyumba haikai sebuleni. Inafungua makabati. Akichelewa robo saa, nanusa shati. Akinichekea, najiuliza kacheka kwa nini. Akiwa kimya, najiuliza anamuwaza nani. Na yeye kama ananichokoza, akaanza tabia ya kupokelea simu nyuma ya gereji. Jumapili moja mchana ninaanika nepi, nikamsikia upande wa pili wa ukuta anauliza nyonga ni ngapi. Anasema hebu rudia, nyonga. Kisha akaangua kicheko, eti aa, kumbe ile ya juu ni kifua! Nepi ilinidondoka mkononi. Nilisimama pale na vibanio mdomoni, nashindwa hata kuvitema.

Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu, nikifua suruali yake ya kazi, nikatia mkono mfukoni kama kawaida na kutoa karatasi. Ilikuwa na namba tupu, hakuna jina. Kumi na tano. Thelathini na nne. Ishirini na nane. Arobaini. Na mwisho kabisa, ishirini na saba, halafu ishirini na sita, hizo mbili amezizungushia duara.

Wewe unajua kazi yangu. Mimi watu nawasahau majina lakini vipimo sivisahau, mtu akikatiza barabarani naweza kukwambia kiuno chake kabla sijakumbuka tulikutana wapi. Na hizo mbili za mwisho ni urefu wa mguu kwa ndani. Nani mwingine ninayemkatia suruali yenye mguu wa kulia ishirini na saba na wa kushoto ishirini na sita? Tangu ajali nimekushonea suruali za kazi ngapi? Nilikuwa nimeshika karatasi yenye maji ya sabuni, na ni kama umesimama pale uani mbele yangu mzima, na kifua chako na nyonga zako, kwa mwandiko wa mume wangu.

Nikakimbilia daftari langu la vipimo. Ukurasa wako ulikuwa na doa la grisi, dole gumba zima, limekaa vizuri kama muhuri. Kwa hiyo alikuwa amelifungua akanakili. Unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri amekwenda kukushoneshea gauni kwa fundi mwingine. Mimi mkewe fundi, nipo hapa na cherehani yangu, ananipita anakwenda kwa fundi mwingine kwa sababu gauni hilo mimi sitakiwi kuliona. Maana pikipiki ina haja gani na kifua cha mtu?

Nitakuambia na yale mabaya zaidi, usije ukasema nilikupunguzia. Nilirudi nyuma miaka yote. Nilikumbuka alivyokuja kwetu mara ya kwanza kufunga nondo za madirisha, na wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ngazi, na siku tatu nzima watu wa mtaa walijua huyo kijana kaja kwa ajili yako. Mama mwenyewe alikuwa ameshaanza kukupangia. Mpaka siku ya nne alipouliza yule mdogo anayecheka jikoni ni nani. Wewe ulicheka ukasema basi yatosha, chukua huyo huyo. Zamani hadithi hiyo ilikuwa inanifurahisha. Nikaanza kuipekua upya kama ninavyopekua mifuko. Nikajiuliza ulicheka kweli, au ulimeza kitu. Nikakumbuka utani wenu wa shemeji, unavyomwambia akileta mchezo utamrudishia mahari yake, na anavyokujibu kwamba wewe ulikuwa mke wa akiba. Utani ambao kila mtu na shemeji yake anautania. Mimi nikaupanga mstari kama ushahidi.

Nikaanza kumtega. Mezani nikitaja jina lako tu, namtazama usoni. Mara ya kwanza alipaliwa na maji. Mara ya pili akauliza hajambo shemeji, haraka haraka, halafu akahamia habari za bei ya rangi. Nikamwambia unataka kuja Jumamosi. Akakaa wima kabisa, akasema Jumamosi hii? Mbona mapema! Mapema kwa nini, nikauliza. Akasema nyumba haijafagiwa. Mwanamume huyu ambaye hajawahi kujua ufagio unakaa wapi. Ndipo nikakupigia simu na kumpa mtoto upele.

Baada ya siku nne akaniletea kazi. Aliingia na bati alilolikunja vizuri lenye umbo la kiti, kipande cha sponji ngumu, na ile ngozi ya plastiki ya kushonea makochi, rangi ya kahawia iliyoiva. Akasema kiti hiki hawezi kumwachia mtu mwingine. Sponji alikuwa ameichorea mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka pande zote, na akaniwekea kidole juu ya mstari, akasema nikate hapa hapa, nisizidishe hata unene wa shilingi, kwa sababu kila kitu kingine amekipima kuanzia hapo. Nilimuuliza ni kwa ajili ya nani. Akasema nitajua. Akanibusu kichwani akaondoka na harufu yake ya chuma.

Nilipokitazama kile kiti nilikuona wewe. Bati limekunjwa kwa nyonga arobaini, mbele limebanwa kwa mapaja membamba. Hapo sikuwa na shaka tena kama ni gauni au nini, chombo kizima kilikuwa kimekatwa kwa mwili wako. Nikakishona. Namna nilivyokishona nitakuambia, lakini ngoja kwanza, mkono bado unanigomea.

Juzi mchana mvua ilinyesha ghafla. Shemeji yako alikuwa ametoka kwenda kutafuta bolti, na kwa haraka ya kukimbia mvua aliacha kufuli linaning'inia. Mimi naingiza nguo ndani, mtoto simsikii. Nikamfuata kwa alama za viganja vyenye tope mpaka gereji, nikamkuta amejificha chini ya turubai lililofunika pikipiki, anachungulia na kucheka. Nilipolivuta turubai ili nimtoe, likaanguka lote.

Ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake. Nzuri, dada, siwezi kusema uongo, tangi la kijani kibichi linang'aa kama jani lililooshwa. Lakini macho yangu hayakukaa kwenye tangi. Yalikwenda chini. Pale pa kuwekea mguu wa kulia palikuwa mahali pake pa kawaida, karibu na injini. Pa kushoto hapakuwa hapo. Alikuwa amepachomelea mbele kabisa, karibu na gurudumu, kwa mkono wa chuma uliopinda taratibu, na chini yake kibao kidogo cha kuegemeza kisigino. Na gia, ambayo kila pikipiki inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, aliiondoa huko chini akaiunganisha na fimbo ndefu inayopanda mpaka ubavuni mwa tangi, ina kifundo cha mbao cha kushikwa kwa mkono.

Sikuhitaji kuelezwa. Kama ninavyoona mtu ndani ya kitambaa ambacho hakijashonwa, niliona mguu wako usiokunjika umenyooka pale hewani, umelazwa kwa raha, hakuna kinachousukuma. Hakuna mwanamume anayemuundia mwanamke wa siri mahali pa kuegemeza kisigino kibovu. Nilikaa chini kwenye mafuta ya injini na gauni langu.

Alinikuta hapo hapo. Alisimama mlangoni analowa, akaona turubai chini, akaniona, akasema basi, sasa mama naye atajua kabla jua halijazama. Ndipo akanieleza. Kwamba zahanati yenu ilikuambia mwisho wa mwezi huu kazi ya kuwatembelea kina mama waliojifungua itapewa mtu mwenye chombo chake, kwa sababu wewe kwa miguu hufiki kwa wale wa mbali, na wewe utawekwa dirishani kuandika kadi. Kwamba ulimwomba yeye, ukamwapisha asiniambie, kwa sababu mimi mdomo wangu hauna kizuizi na mama angekuja huku na marungu. Hapo nilicheka, dada, kwa sababu ni kweli. Akasema alinakili ukurasa wako wote kwenye daftari kwa kuwa hakujua namba ipi ni ya nini, na ilimbidi akupigie simu uzitaje moja moja, mkafika kifuani akacheka kwa haya. Akasema na ile siku niliyotaja kuja kwako nusura azimie, kwa sababu kiti kilikuwa hakijashonwa na yeye alitaka usiione mpaka iishe. Alikuwa anaongea haraka kama mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani. Miezi mitatu alikuwa ameibeba furaha hiyo peke yake.

Ningemwambia wakati ule ule. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshachukua kijiti chake. Ana kijiti amekikata sawasawa na mguu wako wa kulia, kwa sababu pikipiki ikisimama, mguu huo peke yake ndio utakaokanyaga chini, wa kushoto haukusaidii kitu. Unyayo wako usipofika wote ardhini, chombo kitakulalia upande wa goti bovu. Akakiweka wima kando ya kiti kunionyesha kazi yake ilivyonyooka. Kijiti hakikufika. Kilibaki chini ya ukingo wa kiti kwa vidole vitatu.

Alifikiri amekishika vibaya. Akarudia. Akabadilisha upande. Uso wake, dada, niliuona unavyozimika. Tangu juzi hajakaa vizuri. Amefungua springi za nyuma akazifunga tena. Amepima magurudumu. Amelala chali chini ya fremu na penseli, anajumlisha na kutoa, anasema peke yake kwamba amekosea mahali fulani na hajui ni wapi, na kwamba ni bahati kagundua kabla hujapanda. Amekagua kila kitu mle ndani isipokuwa kiti. Kiti hakukiwaza hata mara moja, kwa sababu kiti nilikishona mimi.

Nakuambia sasa. Ule mstari wa wino niliuona vizuri. Nilichukua kisu nikapanda juu yake kwa vidole vitatu, nikakata huko, kwa kupima, nikiwa na akili zangu. Kisha nikaivuta ile ngozi kwa nguvu zote na kupiga mshono mara mbili ili isijulikane. Nilikuwa najua ni wewe utakayekaa hapo. Sikuwa nawaza uanguke, naapa kwa uhai wa mwanangu, sikufikiri kwamba mtu wa goti lile anaweza kuendesha chochote. Nilitaka tu siku atakapokupandisha mbele yangu, miguu yako ining'inie kama ya mtoto kwenye kiti cha wakubwa, na umbo lako alilolipima kwa siri likatae kumtosha. Nilikuwa najiona fundi sana. Nilicheka peke yangu nikikata uzi.

Sasa nawaza siku ambayo ungekuja kuichukua ungekaa, ungeona aibu kusema kwamba hufiki, ungesema iko sawa, shemeji, asante, na ungekwenda nayo barabarani. Nakujua. Ungekwenda.

Kwa nini sijamwambia mpaka leo? Kwanza niliogopa atanitazama namna gani. Halafu kila saa ilipopita ikawa ngumu zaidi. Nimekaa miezi mitatu nikimpekua mifuko, kumbe wa kupekuliwa alikuwa kwenye cherehani. Leo ni siku yake ya mapumziko na asubuhi ameniambia ameamua: atakata fremu yenyewe, aishushe kati, aichomelee upya. Nikamuuliza itakuwa imara kama mwanzo? Akasema haitakuwa kama mwanzo, lakini afanyeje, shemeji lazima afike chini. Ndipo nikachukua kalamu, nikitaka nikianza kukiri kwako nipate nguvu ya kukiri kwake. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kosa kabla halijaulizwa, ukinishika mkono mpaka mlangoni kwa mama.

Sijui kama utanisamehe. Natumaini sana, na unajua mimi kwa kutumaini sijambo. Kazi ile usiikubali ya dirishani, mwisho wa mwezi bado una siku kumi na mbili, na sponji inakatwa kwa dakika tano. Na nikukirie na hili: jicho la shaka halijapona lote. Jana simu yake ililia nikajikuta nimenyoosha shingo. Nikijikamata hivyo tena nitakupigia unitukane.

Msalimie mama, umchue polepole. Wasalimie kina mama wako wote na vichanga vyao, waambie mama mkubwa wa mtoto wangu hawaachi. Huyu hapa naye anakupungia, amepata kofia ya kalamu na ametosheka nayo. Mimi ni yule yule mdogo wako wa kucheka jikoni, kama bado

Dada, ananiita. Amechomeka ile mashine ya kukatia chuma, nimeisikia ikijaribiwa mara moja na kunyamaza. Anasema mama mtoto, niletee tepu yako nipige mstari wa mwisho kabla sijakata. Nimemjibu nakuja. Tepu naiacha hapa mezani, nachukua kiwembe cha kufumulia. Nitaufumua mshono mbele ya macho yake, na kabla hajauliza nitamwambia azime mashine, kosa haliko kwenye chuma, liko